Amari ya Kuanikia Nguo

Amari yangu, yaani kamba ya nanga ya boti, ilikuwa na mita 30. Mke wangu alipoomba kipande cha kuanikia nguo, nikamkatia 20 kwa mkono wangu, nikijigamba kwamba kisiwa cha Mbudya upande wa bara maji ni mafupi, 10 zinatosha na kubaki.

Siku ya safari mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, maji hukupwa sana na kujaa sana. Tulifika kisiwani saa nne na nusu, mimi na shemeji, maji yamekupwa kabisa, kina mita 2. Nikatupa nanga ya nondo, ile ya kulabu nne. Kwenye mwamba hung'ang'ania kama mwenye deni lake. Kwenye mchanga huparura kama kuku. Mnyororo wa kuulaza mpini wa nanga chini nilikuwa nimeuacha nyumbani, nikiuona uzito wa bure.

"Shemeji, imeshika?"

"Imeshika," nikamjibu. Na kwa saa ile, kweli ilishika.

Tukaagiza changu wa kukaanga. Changu wa Mbudya hana haraka, bahari inayo. Kufika saa tisa maji yalishapanda karibu mita 3. Kina 5, ongeza nusu mita mpaka kwenye omo, mbele ya boti, halafu zidisha mara 5 ili kamba ivute kwa kulala: mita 27 na nusu. Mimi nilikuwa na 10, zinavuta kwenda juu badala ya kulala, na kila wimbi likiinua omo linaing'oa nanga kama muhogo.

"Shemeji, boti inasogea."

"Boti ya nanga lazima izunguke," nikamfundisha, mwiba mdomoni.

"Inazungukia Kunduchi?"

Upepo wa kusi ulikuwa unaisukuma taratibu, tezi, yaani nyuma yake, ikitangulia, kama mtu anayeaga kwa adabu. Mzee mmoja wa ngalawa akatutoza elfu 30, akatweka tanga tukaifukuzia. Alipoivuta nanga yetu akaipima kamba kwa macho.

"Wajukuu, hii ni amari au kamba ya mbuzi?"

Shemeji akatazama pembeni. Mabega yanamtikisika.

Magharibi nikafika nyumbani, moja kwa moja uani, nikaanza kuanua kanga na sare za shule.

"Mashuka hayajakauka hayo!"

"Nataka amari yangu."

"Si ulisema 10 zinatosha na kubaki? Lete kisu nikukatie 10."

Nikapiga hesabu palepale, shuka bichi begani. Zingekuwa 20. Bado napungukiwa 7 na nusu.