Bangi madhabahuni

Kaa na mtetezi wa bangi dakika kumi, lazima atafika kwenye dini: Wahindu wanakunywa, marasta wanavuta, wa kale walifukiza. Mpinzani wake atamjibu kuwa huo ni uhuni wa vijana wa siku hizi. Naona wote wawili wanaisoma historia nusunusu.

Chukua Tel Arad, kusini mwa Israeli. Kwenye hekalu dogo la ufalme wa Yuda, la karne ya 8 KK, zilifukuliwa madhabahu mbili za mawe ya chokaa, juu yake kukiwa na masalia meusi yaliyogandamana. Matokeo ya vipimo yalitangazwa 2020: kwenye kubwa palichomwa ubani na mafuta ya wanyama, kwenye ndogo bangi iliyochanganywa na samadi. Samadi huungua taratibu, kwa moto mdogo, na bangi ikipashwa hivyo hutoa kilevi chake badala ya kuteketea. Kama shida ilikuwa harufu tu, ubani ungetosha. Hapo mtetezi ana hoja. Ila kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 30, panapotajwa viungo vya uvumba, ubani upo, bangi haimo. Na moshi ule ulifukizwa mlangoni pa patakatifu, si kijiweni.

India nako, tulikolipata hata neno lenyewe "bangi", kinywaji cha bhang, cha majani ya bangi, kina siku zake, sikukuu za Kihindu za Holi na Maha Shivaratri hasa. Sheria yao ya 1985 ilipiga marufuku utomvu na maua, ikayaacha majani. Kwa Waislamu, mwanazuoni Ibn Taymiyya aliiharamisha hashishi, utomvu wa bangi, wakati baadhi ya masufi wakiitumia.

Kinachonisumbua zaidi ni kisa cha Kasai, Kongo. Chifu Kalamba Mukenge alichoma hirizi za watu wake, akaweka bangi mahali pake, na wafuasi wakaitwa Bena Riamba, watu wa bangi. Mjerumani Wissmann (ndiye huyo ambaye majeshi yake yalimnyonga Abushiri kule Pangani 1889) aliwakuta 1881 wakivuta pamoja kwa kiko cha kibuyu kutia muhuri urafiki. Wanaoipenda bangi hukisimulia kisa hiki mpaka hapo. Hawafiki kwenye adhabu: mkosaji alivutishwa riamba ileile mpaka azimie.

Jamaika ilibadili sheria 2015, marasta wakaruhusiwa kuvuta kwa ibada. Kenya wenzao walienda mahakamani 2021 wakidai haki hiyohiyo. Ningekuwa wakili wao, Tel Arad nisingeigusa. Ganja ilifika Jamaika na vibarua wa Kihindi, walioanza kushuka 1845, na Urasta wenyewe ni wa miaka ya 1930. Imani changa nayo ni imani, na mahakama inaweza kuiuliza yaliyo ya maana: nani anavuta, lini, wapi, na mtoto yuko umbali gani na huo moshi. Wakili wa serikali naye akisimama na "uhuni wa siku hizi", ndipo ningemwonyesha picha ya ile madhabahu ndogo.