Misiba mitatu ya mwaka 2013 na hoja ya albamu

Ndani ya siku 57 za mwaka 2013 muziki wa Tanzania ulipoteza watu watatu. Tarehe 17 Aprili alifariki Zanzibar mwimbaji mkongwe wa taarab, Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Tarehe 28 Mei rapa Albert Mangwea, Ngwair wa mashabiki, alifia Johannesburg akiwa na umri wa miaka 30, na tarehe 13 Juni, kabla msiba wake haujapoa, rapa mwenzake Langa Kileo naye akafariki Dar es Salaam. Mwaka huohuo Lady Jaydee alitoa albamu ya Nothing But the Truth, naye Diamond Platnumz, aliyekuwa ametoa albamu ya Lala Salama mwaka uliotangulia, akatoka na Number One, wimbo uliosimama peke yake bila albamu nyuma yake.

Mambo hayo mawili, yaani misiba na njia hizo mbili za kutoa kazi, kwa kawaida huzungumzwa mbalimbali. Nadhani yanapaswa kuzungumzwa pamoja, kwa sababu swali ambalo limekuwa likirudi tangu wakati ule, kwamba msanii wa Tanzania alipoteza nini alipoiacha albamu na kuhamia kwenye wimbo mmoja mmoja, halijibiki vizuri kwa kutazama walio hai peke yao.

Wanaosema kwamba hakupoteza kitu wana hoja nzito, na ya kwanza ni ya mfuko. Msanii wa miaka ya 2000 alipeleka masta yake, yaani rekodi ya asili ya kuchapia nakala, kwa msambazaji Kariakoo, mara nyingi akalipwa kwa mkupuo, na kuanzia hapo idadi ya kaseti zilizochapwa aliijua msambazaji. Kilichobaki kilimalizwa na maharamia. Stempu za kodi ambazo Serikali ilianza kuzitumia kwa kazi za muziki na filamu mwaka huohuo wa 2013 zilikuja wakati mnunuzi ameshahamia kwenye kibanda cha kuingiziwa nyimbo katika simu, ambako hakuna cha kubandikwa stempu. Katika hali hiyo, kulipia studio nyimbo 10 au 12 ili mbili tu zipigwe redioni ilikuwa ni kutupa fedha, ilhali wimbo mmoja wenye video nzuri ulimpandisha msanii jukwaani, na jukwaani ndiko alikolipwa. Number One, baada ya kurudiwa pamoja na Davido wa Nigeria, ilimfungulia Diamond majukwaa ya Afrika nzima, naye hakutoa albamu nyingine hadi A Boy from Tandale mwaka 2018. Hiyo ni miaka sita, na ndiyo miaka iliyomkuza kuliko mingine yote. Tena tukubali kwamba albamu nyingi tunazozikumbuka kwa mapenzi zilikuwa na nyimbo tatu za maana, na nyingine ziliwekwa ili upande wa pili wa kaseti usibaki mtupu.

Haya yote ni kweli, na sijaona mtetezi makini wa albamu anayeyakana. Tatizo ni kwamba watetezi hao wamesikilizwa kana kwamba wanaililia kaseti, au kwamba ni watu wa makamo wanaoutamani ujana wao. Hoja yao haihusu mauzo hata kidogo. Inahusu siku ambayo msanii hayupo tena kusema kipi ni chake, alikitunga na nani, na kwa makubaliano gani.

Chukua karatasi ya jalada la kaseti ya wakati ule, iliyokunjwa mara tatu au nne ili ienee kwenye kasha. Ukiikunjua unakuta orodha ya nyimbo za upande A na upande B, jina la mtunzi, jina la mtayarishaji na studio yake, waliosaidia viitikio, namba ya simu ya msambazaji, na chini kabisa shukrani ndefu kwa mama, kwa walimu na kwa washikaji wa mtaani. Tuliziona shukrani zile kuwa mapambo. Zilikuwa ushahidi, kwa maana mtu akisoma jalada hilo miaka 20 baadaye anajua nani alikuwepo chumbani siku wimbo uliporekodiwa. Sasa linganisha na wimbo uliofika redioni kwa flashi au kwa barua pepe, ukapita kwenye kompyuta ya kibandani, ukaishia kwenye memori kadi ukiwa na jina la faili lililobandikwa na mwenye kibanda. Sauti ni ileile, lakini kila kilichouhusisha wimbo huo na watu waliouzaa kimebaki njiani.

Ngwair alitoa a.k.a. Mimi mwaka 2004, kazi ya studio ya Bongo Records ya mtayarishaji P-Funk Majani, na ndiyo sababu mwaka 2013 waombolezaji walikuwa na mahali pa kuanzia. Aliyetaka kumwelewa kijana yule aliyekulia Morogoro na Dodoma hakuhitaji kusimuliwa, kwa kuwa albamu ilimweka mbele yake mtu kamili mwenye uchangamfu, majigambo na ucheshi, katika mpangilio alioutaka mwenyewe. Kazi zilizokuja baadaye, na hasa beti nyingi alizowapa wenzake katika nyimbo za kushirikishwa, hazina bahati hiyo. Ziko huku na kule, nyingine chini ya majina ya wenzake, na anayetaka kuziorodhesha leo anategemea kumbukumbu za watu ambao nao wanaendelea kupungua. Mez B, mwenzake wa kundi la Chamber Squad, alifariki mwaka 2015.

Hapa ndipo ninapoomba wenye hoja ya mfuko wakae nami kidogo, kwa sababu nalo hili ni la mfuko. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inalinda haki za kiuchumi za mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mashairi ambayo Ngwair na Langa waliyatunga peke yao, hesabu hiyo inatufikisha mwaka 2063. Mtoto aliyezaliwa wakati wa misiba ile atakuwa na miaka 50, pengine na wajukuu, na bado kila tangazo, filamu au mwito wa simu utakaotumia beti hizo utapaswa kuwalipa warithi. Ni muda mrefu kuliko maisha yote ya Ngwair, na ni urithi ambao sheria imekwisha kuutoa bila kuombwa. Lakini urithi huo hauwezi kudaiwa kwa kusema kwamba sauti inafanana na ya marehemu. Mdai atatakiwa kuonyesha nani alitunga, nani alitayarisha, na masta ilikuwa mali ya nani. Kwa nyimbo zilizo kwenye albamu, jalada ni mwanzo wa jibu. Kwa wimbo uliotoka peke yake, uliotungwa usiku mmoja studioni kwa maelewano ya mdomo, ndugu wanabaki na neno lao dhidi ya neno la mwingine. Miaka 50 ya ulinzi isiyo na karatasi hata moja ya kuisimamia ni hasara kubwa kuliko yote tuliyoibiwa na maharamia, kwa kuwa haramia huiba nakala, ilhali hapa familia inapoteza hata uwezo wa kusema kwamba kazi ni yake. Kwa Langa jambo lina mkanganyo zaidi, maana alianzia kundi la Wakilisha pamoja na Shaa na Witness, na kazi ya kundi inahitaji maandishi kuliko ya mtu mmoja.

Mfano wa Bi Kidude unagusa pande zote mbili, na ingekuwa si haki kuutumia kwa upande mmoja. Mwalimu wake, Siti binti Saad, alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Akafariki mwaka 1950, na hadi leo tunajua sauti yake ilikuwaje. Mwanafunzi aliimba kwa miongo mingi, akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, lakini Zanzibar, albamu iliyobeba jina lake, ilitoka mwaka 2006, miaka 78 baada ya santuri za mwalimu. Sauti tuliyobaki nayo zaidi ni ya uzeeni, yenye mikwaruzo ya ajabu na mizuri, lakini binti Baraka wa miaka 30, katika nguvu zake zote, wengi wetu hatutamsikia kamwe. Hilo linaniuma kila ninaposikia Muhogo wa Jang'ombe. Hata hivyo, mwenye hoja ya upande wa pili anaweza kujibu kwamba ukuu wa Bi Kidude haukuhitaji albamu, na kwamba ngoma ya unyago aliyoipiga na kuwafundisha mabinti ilikuwa haifai kufungiwa kwenye santuri. Jibu hilo nalikubali. Ila unyago una makungwi wa kuurithisha, na mwanamuziki wa studio hana kungwi.

Kwa hiyo simlaumu msanii aliyechagua wimbo mmoja mmoja mwaka 2013; soko lilimsukuma, na wengine limewalipa vizuri. Lady Jaydee naye hakukosea kuzikusanya Joto Hasira, Yahaya na nyinginezo chini ya kichwa kimoja wakati wengi walishaona kazi hiyo imepitwa na wakati. Kosa lilikuwa kudhani kwamba albamu ni bidhaa tu, hivyo bidhaa ilipokosa mnunuzi tukaiacha pamoja na kazi nyingine yote iliyokuwa ikiifanya kimyakimya. Wimbo mmoja unaweza kuwa na jalada lake. Karatasi moja yenye majina halisi ya mtunzi, mtayarishaji na waitikiaji, mgawanyo wao na saini zao, ikapelekwa Cosota, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, na nakala yake ikabaki nyumbani kwa mama wa msanii, haizidi gharama ya saa moja ya studio, na mahali pa kuisaini ni palepale studioni, kabla faili halijawekwa kwenye flashi.