Kabla ya Kuilaumu Namba, Uliza Nani Amejibu

Mafundi wengi wa simu za intaneti tulijifunza misimbo ya majibu ya SIP, itifaki ya kuanzisha na kukata simu hizo, kwa kukariri: 180 simu inaita, 200 imekubaliwa, 404 mtumiaji hayupo, 486 ana shughuli. Orodha hiyo ni sahihi, wala sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni mazoea ya kuichukua namba peke yake kama hukumu, ilhali namba ni jibu la kifaa fulani kwa ombi fulani, na asiyejua aliyejibu ni nani huishia kutengeneza mahali ambapo hapajaharibika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni 408, yaani muda umekwisha. Niliwahi kukesha na mteja mmoja ambaye logi ya simu yake ilionyesha msimbo huo kila alipopiga, nasi sote tukawa tunailaumu seva ya upande wa pili kwa kuchelewa kujibu. Tuliponasa pakiti, yaani vifurushi vya data, pale pale simu ilipounganishwa na mtandao, tuliona INVITE, ombi la kuanzisha simu, likitoka, likarudiwa baada ya nusu sekunde, kisha baada ya sekunde 1, 2, 4, 8 na 16, na hakuna hata pakiti moja iliyorudi. Ilipotimia sekunde ya 32, simu ilikata tamaa na kujiandikia 408 yenyewe. Kumbe ukuta wa usalama wa mteja ulikuwa ukiyatupa maombi yote njiani, na seva tuliyoilaumu usiku kucha haikuwahi kusikia lolote. Simu haikukosea, kwa kuwa RFC 3261, waraka wa Juni 2002 unaoielezea itifaki hii, unaagiza kwamba ukimya wa namna hiyo uhesabiwe kama 408, na kwamba pakiti ikishindwa kabisa kusafirishwa ihesabiwe kama 503, yaani huduma haipatikani. Misimbo yote miwili, basi, inaweza kuzaliwa ndani ya simu yako bila kupita kwenye waya.

Namba 401, yaani uthibitisho unahitajika, nayo huonewa. Simu ikijisajili, kwa kawaida hutuma ombi la kwanza bila uthibitisho. Seva hujibu 401 pamoja na neno la mara moja, simu hulichanganya na nywila kupata jibu la siri, hutuma tena, na kupokea 200. Huo ni utaratibu wa kubisha hodi. Shaka ianze pale 401 inaporudi hata baada ya jibu la siri kutumwa.

Mtu mwenye simu tatu chini ya jina moja huleta utata mwingine, maana proksi, seva ya kati inayopitisha maombi, huziita zote kwa pamoja, hukusanya majibu, na zikishindwa zote humrudishia mpigaji jibu moja tu ililolichagua. Ndiyo maana 486 inasema kifaa kimoja kina shughuli, na anayetaka kusema kwamba mtu ana shughuli kwenye vifaa vyake vyote amewekewa 600.

Linaloniuma zaidi ni 487. Mpigaji akikata kabla simu haijapokelewa, CANCEL yake, yaani ombi la kughairi, hujibiwa 200 na INVITE ya awali hufungwa kwa 487, jambo ambalo ndilo hasa aliloliomba. Hata hivyo nimesoma ripoti nyingi za ubora zinazoijumlisha 487 na 503 katika safu moja ya simu zilizofeli, na fundi wa zamu akatakiwa aeleze kwa nini watu walibadili nia.