Baiskeli ya ndani huku Kanada, na ile tunayoidharau Tanga

Wadau, Edmonton baridi imeshaingia na wenyeji wanatoa treina zao stoo, yaani ile mashine unafunga baiskeli yako ndani ya nyumba unakanyaga pedeli bila kwenda popote. Na mimi natumia, na kwa vile wengi mnaokuja huku mnauliza mazoezi tunafanyaje, ngoja niseme ninavyoiona. Huku kuna wiki nje ni nyuzi 25 mpaka 30 chini ya sifuri, barabara barafu tupu, Desemba jua linachomoza kama saa tatu kasoro robo asubuhi na saa kumi na robo jioni limeshazama. Wapo wanaoendesha nje hivyohivyo na baiskeli za matairi mapana, nawaheshimu sana, ila mtu una watoto na una zamu asubuhi ukivunjika nyonga nani atakulipia kodi.

Sasa treina zipo aina mbili. Zile za zamani tairi la nyuma linabaki linasuguana na rola, bei yake nafuu ila zina kelele na zinakula tairi, kama unakaa ghorofani jirani wa chini atakuja kukugongea. Za kisasa unatoa gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo unaingia kwenye gia za mashine yenyewe, ndani kuna sumaku za umeme, na inaunganishwa na simu kwa bluutufu. Ukifungua programu kama Zwift unajiona kwenye skrini uko barabarani, ukifika mlimani mashine inakaza yenyewe, ukishuka inalegea. Hiyo programu peke yake ni karibu dola 20 za Marekani kila mwezi, na mashine mpya ni mamia ya dola, nyingine zinapita elfu. Tafuteni zilizotumika, na msinunue Novemba kila mtu anapozitaka, subirini mwezi wa nne wa tano theluji ikiyeyuka ndio watu wanaziondoa nyumbani.

Feni nunua kabla ya kitu kingine chochote. Nje upepo unakupooza, ndani upepo hakuna, na mwili ukiwa unakanyaga baiskeli robo tatu au zaidi ya nguvu unayotumia inageuka joto, pedeli zinaambulia hicho kilichobaki. Kwa hiyo nje baridi ya kuua, wewe uko besimenti, chumba cha chini ya nyumba, na kaptula, jasho linadondoka kwenye usukani na chumvi yake inakula nati, kile kidirisha cha juu kimejaa mvuke na mvuke wenyewe unaganda barafu kwa ndani. Bila feni kubwa inayopiga kifuani mapigo ya moyo yanapanda tu na nusu saa haijaisha umeshachoka. Hata siti inauma kuliko barabarani, maana nje unasimama kidogo, unaserereka kwenye mteremko, unakata kona, ndani umekaa palepale mwanzo mwisho.

Inasaidia? Inasaidia sana, nasema wazi kabisa. Hii miezi ya giza mwili unalala na moyo unazama, nimeona wenzetu wanakuja wembamba wazima baada ya muda kitambi na presha. Mimi nikishuka kwenye ile baiskeli nalala vizuri na nawavumilia watoto. Mwenye uwezo anunue.

Lakini kila nikipanda naiwaza Tanga na roho inaniuma. Mji tambarare ule, mwanga saa kumi na mbili mwaka mzima, na tumekua watu wako juu ya baiskeli. Muuza samaki anatoka soko la samaki la Deep Sea na tenga lake kwenye keria, maji yanachuruzika nyuma, honi ya mpira inalia, anaingia Ngamiani barabara baada ya barabara na anajua nyumba ipi inakula changu na ipi inangoja dagaa. Shangazi yangu alikuwa anaendesha na buibui lake, pindo kalikunja vizuri lisiingie kwenye mnyororo, na njia nzima ni shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, mama hajambo? Mtu anafika kazini kashafanya mazoezi na kashapata habari za mtaa mzima. Huku kwenye Zwift mwenzako anaweza kukutumia kidole gumba kwenye skrini, basi, humjui na hakujui.

Na nyumbani sasa baiskeli imekuwa ya asiye na kitu. Mtu anapanda boda kwenda sokoni pa dakika kumi kwa mguu, halafu daktari anamwambia sukari iko juu afanye mazoezi. Siwalaumu tu hivi hivi, barabara zinatisha, mwenye lori hakuhesabu. Dar mradi wa mabasi ya mwendokasi uliweka njia za baiskeli Barabara ya Morogoro, ukipita unakuta pikipiki na meza za biashara. Hilo ni la halmashauri na ni la sisi wenyewe pia. Angalieni Kigali, mji wa vilima kila upande, wana siku za kutotumia magari tangu 2016, na Septemba 2025 wakaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Niliangalia Pogačar, yule bingwa wa baiskeli kutoka Slovenia, akipanda vile vilima hadi akashinda, watu wamejaa pande zote mbili za barabara, watoto kwa wazee, wanaishangilia baiskeli. Sisi Tanga hata mlima wa kututoa jasho mjini hatuna, tunashindwa nini kuchora njia moja ya baiskeli kutoka Chumbageni mpaka Raskazone?

Mdogo wangu yuko Tanga anataka kuuza baiskeli ya marehemu baba aongezee kwenye hela ya pikipiki. Nimemwambia kama pikipiki ni ya biashara anunue, na pungufu nitamtumia mimi, ila ile baiskeli aipeleke kwa fundi ikazwe spoku ibadilishwe mnyororo, kazini awe anaenda nayo.