Barnenez Si Rundo la Mawe

Juzi nilimsikia msafiri mmoja akiwashauri wenzake wasipoteze fedha kwa kiingilio cha Barnenez, kaburi la kale kule Bretagne nchini Ufaransa, kwa kuwa hapana kitu pale ila rundo la mawe juu ya rasi. Kauli hiyo iliniuma, kwa sababu mawazo ya namna hiyo ndiyo yaliyokaribia kuliangamiza kaburi lile.

Hadi mwaka 1955 mahali pale palikuwa mikononi mwa mkandarasi aliyekuwa akipachimba apate mawe ya barabara. Kaburi dogo la jirani lilikuwa limekwisha kubomolewa, na wachimbaji walipoukata ubavu wa lile kubwa, vyumba vya wafu vikajitokeza. Barabara zilihitajika, hilo nalikubali. Ila tangu mwaka 1850 palijulikana kuwa pana kaburi la kale, na bado zaidi ya miaka 100 baadaye mawe yakabebwa. Kazi iliposimamishwa, mwanaakiolojia Pierre-Roland Giot alichimba na kukarabati hadi mwaka 1968.

Sasa tazama kilichokuwa kikigeuzwa kokoto. Ni jengo lenye urefu wa mita 72 hivi na vyumba 11, kila kimoja na ujia wake mwembamba, lililoanzwa kujengwa na wakulima zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, kabla hata ya piramidi za Misri. Sehemu ya kwanza ni ya doleraiti, aina ya jiwe gumu jeusi, ya pale pale. Waliokuja kuirefusha baadaye walitumia zaidi matale. Hapana chokaa wala saruji. Katika vyumba kadhaa, kila safu ya mawe imesogezwa ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, mpaka duara likawa dogo la kutosha kufunikwa kwa bamba moja la jiwe, na paa hilo limesimama hadi leo. Ndani, kwenye mawe makubwa, wamechonga mashoka, pinde na mistari ya mawimbi. Mtu hafanyi hivyo kwa rundo.

Wapo wanaolalamika kwamba hawakuoneshwa mfalme wala dhahabu. Udongo wa Bretagne una asidi, nayo imekwisha kuila mifupa ya waliozikwa. Vimebaki vigae vya vyungu, mashoka yaliyosuguliwa, vichwa vya mishale, na mawe yenyewe jinsi walivyoyapanga.