Ukimnunulia Mama Simu Mpya, Usiondoke na Ile ya Zamani

"Mwanangu, sauti ya baba yenu iko wapi humu?"

Mama aliniuliza hivyo mwaka 2022, siku ya tatu baada ya mimi kumpelekea simu mpya Tanga. Marehemu baba hakupenda kuandika meseji. Kila alipokuwa safarini alibonyeza kile kipaza sauti cha WhatsApp akazungumza: amefika, amekula, wale mbuzi wasiuzwe mpaka arudi. Mama hakuwahi kufuta hata moja, na tangu tulipomzika baba alikuwa akizisikiliza baada ya swala ya isha. Mimi sikulijua hilo. Niliweka laini yake kwenye simu mpya, nikafungua WhatsApp kwa namba ileile, nikaona majina ya watu yanatokea, nikadhani kazi imekwisha. Ile ya zamani nilirudi nayo Dar, fundi akaiflashi, yaani akafuta vyote vilivyomo, nikampa kijana wa jirani.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja na ninausema popote ninapokaa na watu. Zawadi ya simu haijakamilika mpaka vilivyomo kwenye simu ya zamani vimehamia, mwenyewe akiwa amekaa hapo anaona. Na simu ya zamani isitoke ndani ya nyumba ile kabla mwezi haujapita.

Kosa langu lilitokana na imani tuliyo nayo wengi, kwamba laini ndiyo kila kitu. Kwa upande wa pesa ni kweli. Salio la M-Pesa halikai ndani ya simu. Simu ikiibiwa, unakwenda kwenye duka la kampuni na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), unaweka kidole, unapewa laini mpya na hela yako unaikuta. Ndiyo maana tumezoea kuamini kwamba namba ikirudi, vyote vimerudi. WhatsApp haiko hivyo. Namba inakufungulia mlango tu. Mazungumzo yenyewe yanakaa kwenye simu, na kama hakuna nakala iliyotunzwa mahali pengine, ndani unakuta patupu.

Hata majina si salama kwenye laini. Laini ya kawaida hubeba majina kama 250 hivi, jina na namba basi, na jina refu hukatwa. Mama ana mtu aliyemwandika "Mama Rehema Vitumbua Barabara ya 12". Kwenye laini lilibaki "Mama Rehema V", na Mama Rehema anao watatu. Kwa mzee hilo ni jambo zito. Ukimpotezea namba ya wakala wake, ya mweka hazina wa kikoba, na ya muuguzi anayempimia presha, umemkata na watu wake. Majina yahifadhiwe kwenye akaunti ya Google, na ukishafanya hivyo uingie uhakikishe kweli yamo.

Hapo kwenye akaunti ndipo penye ugonjwa mkubwa. Wazazi wetu wengi hawaijui akaunti yao hiyo ya Google, ile yenye anwani ya Gmail. Ilifunguliwa na muuza simu siku ya kununua ili Play Store ifanye kazi, nywila akaiweka anayoijua yeye, ikaishia hapo. Simu ya pili ikafunguliwa akaunti nyingine, ya tatu nyingine. Majina ya 2017 yako kwenye anwani moja, picha za 2020 kwenye nyingine, na hakuna mtu ndani ya nyumba anayeweza kuingia popote. Tena kuna jambo ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa yote kwa nguvu, nje ya Mipangilio, bila akaunti kuondolewa kwanza, ikiwashwa tena inaweza kudai akaunti ileile ya mwanzo. Nimeona simu nzima kabisa zimegeuka kuwa mawe kwa sababu hiyo.

Wapo wataalamu wanaosema nywila isiandikwe popote. Kwa mama yangu sikubaliani nao. Anwani na nywila yake nimeziandika kwa kalamu kwenye daftari la jalada gumu, na daftari liko kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Mwizi anayeweza kufika kwenye kabati la mama yangu simwogopi kama ninavyoogopa siku ambayo sisi wenyewe tutashindwa kuingia.

Ushauri mwingine unaotolewa sana ni kuweka kila kitu mtandaoni. Ni mzuri kwa mwenye intaneti ya waya nyumbani. Mama hununua bando la siku. Google hutoa GB 15 bure, lakini hizo zinagawanwa na barua pepe, picha, na tangu 2024 hata nakala za WhatsApp za simu za Android, ambazo zamani hazikuhesabiwa. iCloud ya iPhone hutoa GB 5 tu. Sasa chukua simu ya mtu aliyemo kwenye makundi sita ya ukoo, ya msikiti na ya harusi, video zikimiminika asubuhi hadi usiku. Nakala inaanza kupanda, bando linakata, na mwenye simu haambiwi kwa lugha anayoielewa kwamba haikufika.

Kwa hiyo mimi nahamisha simu kwa simu, zikiwa zimelala pamoja mkekani. Katikati ya 2023 WhatsApp waliongeza njia ambayo laiti ingekuwepo mwaka mmoja kabla. Unaingia Mipangilio, sehemu ya Gumzo, unachagua kuhamisha, simu ya zamani inasoma msimbo wa QR kwenye simu mpya, na mazungumzo yanapita moja kwa moja kwa WiFi baina ya simu hizo mbili. Hayapandi mtandaoni, kwa hiyo hayali bando. Ziwe za aina moja tu, Android kwa Android au iPhone kwa iPhone. Anayetoka Android kwenda iPhone ana njia yake tangu 2022, ila aifanye wakati anaiwasha iPhone kwa mara ya kwanza. Akishaanza kuitumia, itabidi aifute aanze upya. Picha nanakili kwenye memori kadi au flashi. Na meseji za kawaida msizidharau. Zile za M-Pesa ndizo risiti za mama: kodi aliyolipa, mchango wa kikoba, ada ya mjukuu.

Yote haya yanahitaji simu ya zamani iwe hai. Tachi ikifa huwezi kuidhinisha chochote hata kama kila kitu kimo ndani. Kwa hiyo kioo kikianza kuchezacheza, ndiyo siku ya kuhamisha.

Nakataa pia kumwachia mtu wa dukani kazi hii. Wapo mafundi waaminifu, tena hodari kuliko mimi. Lakini kumpa mtu usiyemjua simu iliyo wazi, yenye laini ndani na picha za familia, wewe ukaenda kunywa chai, ni kumkabidhi nyumba. Fundi pia hajui kipi cha thamani. Kwake ile ni sauti ya sekunde 40, mafaili mia mbili ya takataka zinazojaza nafasi. Wa kuuliza "mama, humu ndani kuna kitu gani hutaki kipotee?" ni mtoto wake, na mimi sikuuliza.

Sauti alizokuwa nazo mama hazikurudi. Dada yetu aliyeko Muscat alikuwa hajabadilisha simu, akapekua, akapata tisa ambazo baba alimtumia yeye. Akatutumia wote. Sasa ziko kwenye simu nne za watoto na kwenye flashi iliyo ndani ya lile daftari.

Mwaka jana mama alibadilisha simu tena. Nilikwenda Ijumaa, tukakaa barazani tangu alasiri, miwani yake puani, kidole chake kikifuata cha kwangu. Jina la Mama Rehema Vitumbua lilitokea zima, na Barabara ya 12 yake. Halafu akafungua mazungumzo ya dada, akabonyeza sauti ya kwanza, akaisikiliza hadi mwisho. Akabonyeza ya pili. Alizipitia zote tisa, giza likatuingilia pale pale, ndipo akachukua simu ya zamani, akaizima mwenyewe, akaifunga na chaja yake kwenye kipande cha kanga akaenda kuiweka kabatini.