Gandhi Yuko Ng'ambo Gani?

Ukitoka Kampala kwenda Jinja, unakutana na mto kabla ya mji. Ni kilomita kama 80. Unapita Lugazi, unaingia msitu wa Mabira, pale Najjembe wauzaji wanajaa dirishani na kuku wa vijiti na gonja, yaani ndizi, ya kuchoma, halafu Njeru, halafu daraja. Jinja yenyewe, na viwanda vyake, inaanzia ng'ambo ya mashariki.

Shangazi yangu wa Mombasa alishuka Njeru.

Tulikuwa tumeahidiana kwenye chanzo cha Nile, saa nne asubuhi. Kondakta wa teksi aliposikia "chanzo" akamuuliza, "Kwa Speke, mama?" Shangazi, aliyemezeshwa habari za Speke, yule mpelelezi Mwingereza, tangu shule ya msingi, akajibu huyo huyo. Na kondakta hakudanganya. Nguzo ya Speke iko Njeru, maana ni ng'ambo hiyo aliposimama Julai 1862 akitazama maji yakitoka Ziwa Victoria. Bustani yenye boti, vibanda vya vinyago na sanamu ya Gandhi iko upande wa Jinja. Kote kuwili kunaitwa chanzo, na kote kuwili kuna mtu wa kukuuzia tiketi.

"Shangazi, uko wapi?"

"Nipo chanzoni."

"Mbona na mimi nipo chanzoni? Unaona nini hapo?"

"Nguzo ya Speke. Wewe je?"

"Mimi niko chini ya Gandhi."

Kimya kidogo. "Gandhi wa India?"

"Huyo huyo. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa 1948."

"Mwanangu, asubuhi yote hii umeshakunywa nini?"

Nikamwomba asogee ukingoni apunge mkono. Ng'ambo ya pili nikaona buibui linapepea na mkoba mwekundu unapigwa hewani kama bendera ya mshika laini. Kumzungusha kwa barabara hadi darajani ilikuwa safari nyingine, kwa hiyo nikaenda kwa wenye boti. Hapo patana kwanza: bei ni ya boti nzima au ya kichwa, ni kwenda tu au na kurudi, na je, mtasimama penye chemchemi? Ukiuliza mkiwa katikati ya mto, bei inakuwa imeshapanda boti pamoja nawe.

Shangazi alivaa jaketi la kuelea juu ya buibui, akataka na la pili kwa ajili ya mkoba. Nahodha akampa. Akamkalisha katikati, sio ubavuni, kwa sababu boti ndogo ikilalia upande mmoja inaanza kuchota maji. Tulipofika pale maji yanapobubujika kutoka chini, nahodha akapunguza injini na kutangaza kwamba hapa ndipo Nile inapoanza.

Shangazi akatazama mbele. Akatazama nyuma.

"Maporomoko yako wapi? Speke aliona maporomoko."

"Ripon? Yalizama, mama. Lile bwawa la Owen Falls, alilofungua Malkia Elizabeth 1954, lilirudisha maji nyuma yakayafunika."

"Yalizama 1954, na tiketi mnauza leo?"

Nahodha, ambaye naona ameshaulizwa hilo mara nyingi, akahamia kwenye hadithi yake nyingine: maji haya huchukua miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania.

"Hayo yanateremka," Shangazi akasema. "Mimi nimekuja kwa basi."

Tulipotia nanga upande wa Jinja akadaiwa tiketi. Akatoa ile ya Njeru. Haikukubaliwa: ile ng'ambo ni wilaya ya Buikwe, hii ni Jinja. Kitambulisho cha Kenya kilimpatia bei ya Afrika Mashariki, nafuu kuliko ya watalii wa mbali, lakini risiti zote mbili alizikunja akazitia kwenye mkoba kwa uangalifu wa mtu anayejiandaa kwenda mahakamani.

Alasiri tukaenda kijijini kusikiliza embaire, ile marimba kubwa ya Wasoga, wenyeji wa huku. Vibao hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na chini yake huchimbwa shimo ili sauti ipate tumbo. Wapigaji hukaa pande zote mbili wakitazamana, kila mmoja akitia pigo lake katika pengo la mwenzake, kasi mpaka huwezi kujua nani kapiga nini. Shangazi alisogea karibu mno, na mkoba, jaketi likiwa limeshavuliwa, ukateleza ukaingia shimoni kupitia mwisho wa magogo.

Wapigaji hawakusimama. Simu ya Shangazi, iliyokuwa ndani, ikaanza kuita.

Ni kaswida, kwa sauti ya juu kabisa, na shimo lile likafanya kazi liliyochimbiwa. Mpiga vibao vizito akainama kutazama chini. Kijana mmoja akajilaza kifudifudi, akaingiza mkono, akauvuta mkoba kwa ukanda. Shangazi akapokea simu papo hapo, katikati ya ngoma, akipiga kelele kuwashinda wote:

"Ndiyo, nimefika! Maporomoko hamna, wameyazamisha! Lakini nina risiti!"